Morrowind ya 2002: gemu lisilokuonyesha njia. Niendelee nalo?

Msomaji_wa_Ramani ameuliza:

Habari zenu wakuu.

Nimeanza The Elder Scrolls III: Morrowind, lile gemu la Bethesda lililotoka mwaka 2002. Skyrim na Witcher 3 nilishazimaliza, kwa hiyo magemu ya mapanga, uchawi na mapango si mageni kwangu. Hili lakini ni kitu kingine kabisa. Nimefika Balmora na nipo njia panda, ndiyo maana nataka kusikia kutoka kwa waliolicheza hadi mwisho.

Nianze na lililonishika. Unaanza ukiwa mfungwa melini. Mfungwa mwenzako, Jiub, anakuamsha na kukuuliza jina, unashushwa kwenye kijiji cha Seyda Neen, unakamilisha karatasi zako kwenye ofisi ya sensa na ushuru, na dakika chache baadaye uko nje, mtu huru. Mkononi una kifurushi, sarafu 87 na maelekezo kwamba uende mji wa Balmora, uulizie klabu ya South Wall, hapo wanamjua mtu anayeitwa Caius Cosades. Basi. Hakuna mshale wa kukuongoza, hakuna alama inayowaka kwenye ramani, hakuna wa kukusindikiza.

Ni pale pale kijijini nilipoanza kulipenda. Nje kidogo ya nyumba, kwenye kinamasi, nilikuta maiti. Hakuna aliyenituma huko. Ilikuwa na sarafu 200 na karatasi za kodi: ni mtoza kodi wa serikali, Processus Vitellius. Ukitaka unachukua hela na kuondoka zako, gemu halitii neno. Ukirudi ofisini kutoa taarifa, kwanza unaulizwa hela alizokuwa nazo, kisha unapewa kazi ya kumtafuta muuaji. Unaanza kuhoji watu. Mwanamke anayetunza mnara wa taa alikuwa mpenzi wa marehemu na anamkumbuka kwa mema. Muuaji naye, ukimkuta kibandani kwake, anadai mtoza kodi alikuwa anawakamua watu na kujineemesha. Nilikaa mbele ya orodha ya majibu nikifikiri kwelikweli. Gemu halikuniambia nani mwenye haki, wala halikunipa pointi za wema au ubaya. Lilinyamaza likaniacha niamue. Kesi nzima ni ya wahusika wanne katika kijiji cha nyumba chache, na imenikaa kichwani kuliko misheni nyingi ndefu nilizowahi kucheza.

Halafu kuna ardhi yenyewe. Uyoga mkubwa kama miti. Silt strider, dudu refu la miguu myembamba ambalo dereva wake hukaa ndani ya gamba na kuliendesha kwa kuvutavuta viungo vyake vya ndani. Lilinitisha na kunivutia kwa wakati mmoja. Wenyeji wana ngozi ya kijivu na macho mekundu, na hawafichi kwamba wewe ni mgeni: wanakuita hivyo hivyo usoni, tena kwa dharau. Nilipomfikia huyo Caius, mkuu wa majasusi wa mfalme kisiwani, nilimkuta kifua wazi kwenye chumba kimoja chenye kitanda na kiko cha skooma, dawa ya kulevya ya humo. Akasoma barua, akanipa sarafu 200 na kuniambia niende kwanza nikajiunge na chama chochote, nipate uzoefu, kisha nirudi. Mtu unayepaswa kumtumikia ndiye anayekwambia hufai bado! Sijawahi kuona gemu likithubutu hivyo mwanzoni kabisa.

Sasa yanayonikwaza.

La kwanza ni mapigano. Nasimama uso kwa uso na kaa wa matope, natupa pigo, naona kwa macho yangu upanga unapita mwilini mwake, na hakuna kinachotokea. Napiga tena, hakuna kitu. Yeye ananiuma kila akitaka. Kuna kitu ndani ya gemu ambacho sijakielewa.

La pili ni maelekezo ya njia. Caius kanituma kwa Hasphat Antabolis, naye anataka kisanduku kutoka magofu yanayoitwa Arkngthand. Kanieleza kwa maneno tu: toka hapa, vuka pale, pita ngome. Je, gemu zima ni hivi? Na maelekezo haya yanaaminika, au kuna mahali yatanipoteza?

Na swali kubwa: mbele kuna nini? Sitaki mnifichulie hadithi. Nataka kujua kama hisia niliyoipata kijijini inaendelea, au ni mwanzo tu uliotengenezwa vizuri.

Hesabu_Kwanza amejibu:

Karibu Vvardenfell, kisiwa cha gemu hili, mkuu. Swali la mapigano nalichukua mimi.

Kila ukitupa pigo, gemu linarusha kete bila kukuonyesha. Unachokiona kwenye skrini ni picha tu. Matokeo yameamuliwa kwa hesabu. Hesabu yenyewe iko hivi: chukua ustadi wako wa silaha uliyoishika, ongeza sehemu ya tano ya Agility (wepesi) yako, ongeza sehemu ya kumi ya Luck (bahati). Jumla hiyo inazidishwa kwa namba inayotegemea ule mstari wa kijani pale chini, yaani pumzi yako. Kijani kikijaa unazidisha kwa 1.25. Kikiwa kimekwisha kabisa, kwa 0.75. Unachopata ndiyo asilimia yako ya kupata pigo, kabla ya kutoa uwezo wa adui kukwepa.

Tuchukue mhusika wa kawaida mwenye Agility 40 na Luck 40. Kama Long Blade (panga ndefu) ni mojawapo ya stadi zake kuu, anaanza nayo kwenye 30 au zaidi. 30 + 8 + 4 ni 42. Akiwa na pumzi kamili anapata 52.5. Akifika mbele ya adui akiwa hoi, anapata 31.5. Sasa huyo huyo aokote kisu cha kwanza anachokiona, wakati Short Blade (visu vifupi) kwake iko 5 tu kwa sababu hakuichagua: 17 × 1.25 ni kama 21. Akiwa hoi, chini ya 13. Hapo ndipo upanga unapopita mwilini mwa kaa na hakuna kinachotokea.

Kukimbia kunakula pumzi. Kuruka kunakula pumzi. Kila pigo linakula pumzi, hata lile la hewani. Wengi wetu tunakimbia safari nzima, tunakutana na adui kijani kikiwa kimeisha, halafu tunashangaa. Tembea hatua za mwisho. Ukiona bado huna pumzi, bonyeza kupumzika saa moja kabla ya kuingia pangoni. Pumzi hiyo hiyo inaingia kwenye hesabu ya uchawi na hata kwenye kubembeleza watu na kupatana bei, kwa hiyo usiende dukani ukihema.

Na shika silaha ya ustadi uliouchagua mwenyewe. Hela za mwanzo zipeleke kwa walimu wa Fighters Guild, chama cha wapiganaji, hapo hapo Balmora. Ukipandisha ustadi hadi 45 au 50 utahisi umebadilishiwa gemu.

Mkongojo_wa_Telvanni amejibu:

Hesabu_Kwanza kamaliza la silaha. Mimi nitasema la njia, maana ndilo lililonifanya nirudi kwenye gemu hili mara kwa mara miaka yote hii, na naona uko hatua moja kabla ya kuonja kwa nini.

Ndiyo, gemu zima ni hivi. Mtu anakuelekeza kwa mdomo, maneno yake yanaandikwa kwenye shajara yako, na kuanzia hapo ni wewe na macho yako. Kwa Arkngthand: toka Balmora kwa kusini, vuka mto Odai, panda njia ya kwenda ngome ya Moonmoth. Pita ngome, endelea kaskazini mashariki hadi uone daraja la kale la mawe linalovuka bonde la Foyada Mamaea. Hilo bonde hutalikosa, ni mfereji mkavu wa majivu uliochimbwa na lava iliyoteremka kutoka Red Mountain. Ukivuka daraja umefika. Mlango hauna kitasa. Tafuta bomba lililo karibu, lina mkono wa chuma; uzungushe. Angalizo moja: wanyang'anyi wamekutangulia. Lingine: kisanduku unachokitafuta ni kidogo sana, kimewekwa rafuni kama kitu kisicho na thamani, kwa hiyo chungulia vyumba vyote na usitegemee kitakuwa mezani katikati ya ukumbi mkubwa.

Njia panda zina vibao. Visogelee, elekeza macho, majina yanatokea. Maelekezo mengi ni ya kuaminika. Machache yana kasoro, mtu anakwambia mashariki wakati ni kaskazini mashariki, lakini kwa kuwa umeshazoea kusoma milima na mito, unajirekebisha mwenyewe.

Sasa nikueleze kitakachokutokea. Baada ya muda utagundua unaijua Vvardenfell. Namaanisha utaijua kwa miguu. Utajua kwamba ukiwa na mto Odai mkono wa kushoto unaelekea wapi, na ardhi ikigeuka ya kijivu umekaribia nini. Gemu zenye mshale nimezicheza na kuzifurahia, lakini ukinizimia ramani yake nusu ya miji siwezi kukwambia iko upande gani, kwa sababu nilikuwa naufuata mshale, siitazami nchi. Hapa nchi ndiyo ramani.

Usafiri nao ni wa kujifunza. Hakuna kubonyeza ramani na kutokea unakotaka. Silt strider wa Balmora anakwenda Ald-ruhn, Suran, Vivec na Seyda Neen, basi. Pwani kuna mashua zenye vituo vyake. Wachawi wa Mages Guild wanakurusha kati ya matawi yao matano: Balmora, Ald-ruhn, Caldera, Vivec na Sadrith Mora. Halafu una hirizi zako, yaani uchawi unaoupiga mwenyewe: Divine Intervention inakupeleka kwenye madhabahu ya kifalme iliyo karibu, Almsivi Intervention kwenye hekalu la wenyeji lililo karibu. Mark inaweka alama mahali uliposimama na Recall inakurudisha hapo kutoka popote. Ukizichanganya zote, unavuka kisiwa kizima kwa hatua nne au tano ulizozipanga kichwani mwako mwenyewe. Hakuna raha kama hiyo. Ni raha ya mwenyeji anayejua vichochoro vya mji wake.

Uliuliza kama hisia ya kijijini inaendelea. Inaendelea, na inakua. Nitakupa mifano isiyoharibu hadithi kuu.

Ukitoka Seyda Neen kwa miguu kuelekea kaskazini, utasikia yowe, na mtu ataanguka kutoka angani na kufa mbele yako. Ni mchawi, Tarhiel. Ana shajara yake na karatasi tatu za uchawi aliouvumbua mwenyewe. Uchawi huo unakuongezea uwezo wa kuruka kwa pointi 1000, kwa sekunde saba tu. Fikiri kidogo. Unaruka kwa nguvu ambayo hujawahi kuiona, unavuka milima, kisha sekunde saba zinaisha ungali hewani. Hakufikiria kutua. Hakuna misheni hapo, hakuna wa kumpelekea habari. Watengenezaji walimweka ili ufahamu, tangu siku ya kwanza, kwamba uchawi humu ni kitu halisi: unaweza kuuchezea, na unaweza kukuua.

Ukifika kwa wachawi wa Telvanni upande wa mashariki, utaingia ndani ya mnara uliooteshwa kama uyoga, utatafuta ngazi ya kwenda juu kwa bwana wa mnara, na hutaiona. Hawana ngazi. Asiyeweza kupaa hana la kumwambia mchawi mkubwa. Sheria hiyo hakuna anayekusomea, jengo lenyewe ndilo linalokwambia. Magemu yaliyofuata ya mfululizo huu yaliondoa hirizi ya kupaa kabisa, nami nailaumu hatua hiyo hadi leo.

Na mji wa Vivec! Majengo makubwa kama vilima juu ya maji, na juu yake mwamba mkubwa unaelea angani bila kushikiliwa na chochote, umetobolewa vyumba na kugeuzwa gereza la hekalu. Wenyeji wanapita chini yake kila siku. Ukiuliza kwa nini hauanguki, watakujibu mungu wao ndiye anayeushikilia. Ukiendelea na hadithi kuu utaanza kujiuliza, kwa uzito kabisa, nguvu za mungu huyo zinatoka wapi na zitadumu hadi lini.

Hadithi kuu yenyewe sitaigusa sana. Niseme hili tu: utaambiwa huenda wewe ndiye aliyetabiriwa. Neno la kushika ni huenda. Wamekuwepo wengine kabla yako waliodai hivyo, na utakutana na habari zao. Kuna pango ambalo mlango wake hufunguka alfajiri na magharibi tu, na utalitafuta kwa shairi. Simama hapo usubiri jua. Usibonyeze kupumzika ili muda upite. Kaa tu uone mwanga unavyobadilika juu ya mawe, huku muziki wa Jeremy Soule ukiingia taratibu.

Jabali_Tupu amejibu:

Mimi nalipenda gemu hili, lakini sikubali mtu aingie akidhani kila kitu ni dhahabu.

Mazungumzo: watu hawasemi kwa sauti ila salamu chache, mengine yote ni maandishi. Hilo si tatizo kwangu, nasoma. Tatizo ni kwamba ukiuliza jambo moja kwa watu kumi wa mji mmoja, wengi watakupa aya ile ile, neno kwa neno. Anayevua samaki na mwanazuoni wanajibu sawasawa. Huwa inaniuma, kwa sababu wale wachache walioandikiwa maneno yao wenyewe ni wazuri sana.

Cliff racer: hao ndege wenye mkia mrefu watakufuata milima yote, watakupigia kelele, watakukatiza usingizi. Wamewekwa wengi mno. Sijawahi kusikia mtu akiwatetea.

Uchawi haujirudishi wenyewe. Ukitumia magicka (nguvu ya uchawi) ikaisha, ni kulala au kunywa dawa. Na kama ulichagua nyota ya kuzaliwa ya Atronach mwanzoni, hata kulala hakukurudishii. Kwa mgeni huo ni mzigo.

Na mwendo. Mwanzoni unatembea polepole kiasi cha kukera, hapo nakuonea huruma. Dawa ipo: karibu na Caldera utamkuta mwanamke anaitwa Pemenie anayetaka kusindikizwa hadi Gnaar Mok. Ukimaliza kazi atakupa viatu, Boots of Blinding Speed. Vinakuongezea mwendo pointi 200 lakini vinakupofusha, skrini inakuwa nyeusi tii. Hapo ndipo akili ya gemu hili inapoonekana. Upofu huo ni uchawi, na uchawi una kinga. Tengeneza hirizi ya Resist Magicka ya asilimia 100 inayodumu sekunde moja tu, ipige, vaa viatu ndani ya sekunde hiyo. Upofu hautakushika, mwendo utabaki. Mhusika wa kabila la Breton ana kinga ya asilimia 50 kwa kuzaliwa, kwa hiyo anaona nusu hata bila hirizi. Hakuna aliyekufundisha, ila sheria zote zilikuwa wazi tangu mwanzo. Kwa hilo namsamehe hata cliff racer.

Fundi_Taa amejibu:

Nyongeza fupi ya kiufundi. Kama unacheza kwa injini (programu inayoendesha gemu) ya asili na ukungu unakuzibia milima, jaribu OpenMW. Ni injini huria na ya bure, inafanya kazi Windows, Linux na Mac. Inahitaji tu mafaili ya gemu lako halisi. Unaona mbali zaidi, na kwa mtu anayesafiri kwa kusoma mandhari, hilo lina faida ya moja kwa moja.

Pili, angalia kama una nyongeza ya Tribunal. Ndiyo iliyoleta shajara inayopanga mambo kwa misheni. Kabla yake kila kitu kilikuwa mfululizo mmoja wa tarehe, unafukua kurasa hadi uchoke. Lakini nyongeza hiyo hiyo inaleta wauaji wa kukodiwa wanaokuvamia ukiwa umelala, hata ukiwa bado mchanga kabisa. Wengine hufurahia kwa sababu mavazi yao ni ya thamani. Mimi naona yanavuruga mwanzo: mtu aliyekuwa anahesabu sarafu anatajirika ghafla kwa usiku mmoja, na umaskini ule wa mwanzo ndio unaokufanya uwasikilize watu. Mod (mafaili ya mashabiki ya kurekebisha gemu) za kuwachelewesha zipo, tafuta moja.

Msomaji_wa_Ramani amejibu:

Asanteni sana wakuu, nimesoma yote.

Nimekwenda Arkngthand kama mlivyosema, kwa mwendo wa kutembea kuanzia ngome, kijani kimejaa. Kupiga nako kumebadilika. Mnyang'anyi wa kwanza nilimpata karibu kila pigo la pili, na safari hii nilikuwa najua kwa nini nampata na kwa nini namkosa. Hilo tu limeniondolea nusu ya kero.

Daraja nililiona kwa mbali kabla ya kulifikia. Nikasimama juu yake, nikatazama bonde kuelekea mlimani, majivu yanapeperuka. Nilipozungusha ule mkono wa chuma, kitu ndani ya mwamba kikaguna na mlango ukafunguka, na ndani kulikuwa na mvuke na mitambo ya watu ambao gemu linasema walitoweka wote kwa pamoja. Nilisahau kisanduku kwa muda. Nilizunguka nikiangalia vikombe na sahani zao, bado ziko rafuni. Kisanduku nilikikuta baadaye, na kweli ni kidogo, ningekipita.

Mkongojo, ulichosema kuhusu kuijua nchi kimeanza kunitokea. Kurudi Balmora sikufungua ramani kabisa.

Naendelea, hilo limekwisha. Sasa nasikia kuna koo tatu kubwa na unaruhusiwa kujiunga na moja tu. Mhusika wangu ni wa Long Blade na mavazi mazito, hirizi chache za kujiponya. Niende wapi, na nikishaingia nitapata nini hasa?

Mkongojo_wa_Telvanni amejibu:

Moyo wangu uko Telvanni lakini sitakupeleka huko, utateseka. Wao ni uchawi juu ya uchawi, na wanapandishana vyeo kwa kuuana.

Hlaalu makao yao yako hapo hapo Balmora. Ni wafanyabiashara, wanataka maneno matamu, visu vifupi, mishale na mavazi mepesi. Misheni zao ni nzuri kwa anayependa njama, ila si za mtu wako.

Nenda Redoran. Wanaheshimu panga ndefu, mikuki na mavazi mazito, yaani wewe. Makao yao ni Ald-ruhn, na hilo peke yake linatosha kukupeleka: viongozi wanaishi ndani ya gamba la kaa wa kale aliyekuwa mkubwa kuliko mtaa mzima. Wanaliita Skar. Misheni zao nyingi ni za heshima na ulinzi: kumlinda mtu, kusafisha jina la mtu, kukubali pambano uliloitiwa hadharani. Humo unaweza kushinda kwa upanga na bado ukapoteza heshima, kwa hiyo soma vizuri unachoambiwa kabla ya kuchomoa.

Ukipanda cheo watakujengea ngome yako mwenyewe, inayokua kwa awamu kadiri unavyotimiza kazi zao. Ya Redoran inajengwa Bal Isra, kwenye nyika ya majivu. Ukianza kuona mafundi wakisimamisha kuta, rudi mara kwa mara uone ilipofikia.

Panda silt strider hapo Balmora, Ald-ruhn ni kituo kimoja tu. Ukikuta dhoruba ya majivu, mhusika wako atainua mkono kukinga uso na mwendo utapungua. Usihangaike, tafuta umbo kubwa la duara mbele yako na uliendee. Ukishaingia ndani ya Skar, ulizia ukumbi wa baraza.